Kageha, Usibaki kwa Sababu ya Mashine

Kawangware,
Jumapili jioni

Kageha mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwa yule wanayemwandikia. Mimi leo siwezi kuanza hivyo, nitakuwa nimedanganya kabla wino haujakauka. Hofu yote iko hapa kwangu. Imekaa nami juu ya kitanda tangu ulipotoka kwenda mtaa wa Lindi kumuaga shangazi yako Rosa. Afya ninayo, ila chai ya asubuhi ilinishinda, mimi ambaye unajua chai hainishindi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ilhali tunalala chumba kimoja, pazia tu katikati. Ni kwa sababu mimi na wewe tukizungumza tunaishia kutaniana. Naanza kusema jambo la maana, unaniambia, "Mathe, umeanza," nami nakwambia nenda ukasugue sufuria, basi limekwisha. Jana nilijaribu. Nilivuta pumzi kabisa, nikafungua mdomo, nikakwambia usisahau sweta. Halafu nikajaribu tena, nikakwambia huko juu unakoenda kazini kuna baridi. Ukacheka, ukasema sweta umeisikia. Lakini sikuwa nataka kusema habari za sweta. Sweta, chakula, marafiki na wavulana, hayo yote Rosa atakuwa amekumalizia leo, namjua mdomo wake. Mimi nataka kuzungumza juu ya mashine ya kufua nguo, na juu ya neno ulilolisema Ijumaa.

Ulikuwa unaanika shuka za nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa chini na karai langu, nafua kwa mkono kama ambavyo nimekuwa nikifua tangu siku ile. Ukaniangalia kwa muda, kibanio mdomoni. Ukasema, "Basi mimi siendi. Nikienda, hii mashini nani ataiendesha? Wewe hata kuigusa huigusi. Na hizi shuka zote utazimaliza na hiyo mikono?"

Nikanyamaza. Ulidhani nimenyamaza kwa uchungu. Kageha, nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Moyo uliruka. Nilisema ndani yangu, ahsante Mungu, mtoto habebwi tena na basi la Jumatatu, mtoto anabaki hapa ninapomwona. Nikaendelea kusugua foronya ambayo ilikuwa imetakata zamani. Furaha hiyo ilinipeleka mpaka jioni, na ilipofika saa ya kulala ikageuka, nikaanza kujiogopa mimi mwenyewe.

Wacha nirudi nyuma kidogo, ili uone kitu hiki kama ninavyokiona mimi.

Unaikumbuka siku mashine ilipokuja. Yule mama wa Lavington niliyekuwa namfulia alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu, mwingine akapata kiti, mwingine redio, mimi akaniambia chukua hii. Ilikuja juu ya mkokoteni, imefungwa kamba, na nusu ya wapangaji wa ploti wakatoka kuitazama. Mzee Gathogo, mwenye nyumba wetu, akaizunguka mikono nyuma, akaigonga ubavuni, akasema, "Mama Kageha, hii kitu itamaliza stima yangu yote." Nikamsihi. Yeye ni Mkristo, na tena ni mtu wa huruma ukimpata ameshakula. Tukapatana kwamba Jumanne na Ijumaa asubuhi ataniachia stima nifue. Siku zingine mambo yangekuwa vile vile tulivyozoea: asubuhi, watu wakishakunywa chai, anaenda kwenye boksi lililo jikoni kwake, anazima laini ya wapangaji, na hatuoni stima tena mpaka giza liingie.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na kila ploti hapa karibu ndivyo inavyoishi. Tulikuwa tukisema stima imelala, stima imeamka. Ulipokuwa mdogo ulidhani stima ni mtoto wa Mzee. Mwenye pasi alijua saa yake, mwenye redio alijua saa yake. Hakuna aliyekuwa na swichi. Swichi yetu ilikuwa desturi ya Mzee Gathogo.

Na mimi nikaizoea. Mashine ilikuja na waya usio na plagi, maana plagi ilikatwa huko ilikotoka, na badala ya kutafuta nyingine tulichuna ncha za waya, tukazichomeka kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Zikakaa hapo. Tulikuwa tunazipita tukifagia. Kuzichomoa kulikuwa na maana gani, ikiwa stima inalala yenyewe?

Tukafua hivyo muda mrefu, na mikono yangu ikapona. Nakumbuka shuka za kwanza zilipotoka zimekamuliwa, nikazishika nikalia, ukanicheka.

Kisha ile Jumanne mashine ikaanza kunguruma. Ilikuwa ikifika mahali pa kukamua inalalamika, halafu maji ya rangi ya kahawia, yenye mafuta mafuta, yakawa yanatoka chini upande wa nyuma. Nikasema ndiyo imekufa. Wewe ukalala chini kwa tumbo, ukaweka kidole kwenye yale maji, ukayanusa. "Haijakufa. Ni sili imekwisha. Ile ya nyuma ya dramu. Maji yanapita yanaingia kwa beringi." Nikakuuliza umejuaje. Ukasema fundi wa kule Lavington alipokuwa akiitengeneza, mimi nikiwa napiga pasi, wewe ulikuwa umesimama nyuma yake ukitazama. Mimi nilidhani ulikuwa unasubiri mkate.

Nilitaka tuite fundi. Ukakataa kabisa, ukaingia Grogan peke yako, kwenye maduka ya spea za magari. Ile ya mashine hawakuwa nayo, lakini ulizungusha vidole vyako hivi, ukawaonyesha upana, wakatoa moja ya pikapu, ukasema ndiyo hii. Ulirudi nayo mfukoni. Pete ya raba nyeusi na springi nyembamba ndani yake, nyembamba utafikiri ni ya saa. Nilishangaa kwamba kitu kidogo namna ile ndicho kinachozuia maji yote yale.

Ilikuwa Jumatano. Ulisema, "Leo stima imelala, tuifungue." Na mimi, mama yako, nikasema, "Ndiyo, imelala." Hayo maneno ni yangu. Nayasikia kila siku.

Ukafungua mgongo wa mashine. Ukatoa mkanda, ukatoa puli, ukawa unaniita nikushikie hiki, nikushikie kile. Sakafu ilikuwa na maji na povu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufua nyingine kwa karai, nisipoteze siku. Ulikuwa umezifungua zile nyaya za hita ya kuchemshia maji ili upate nafasi ya kuvuta dramu, ukapeleka mkono ndani kuzisogeza kando.

Huko mbele kwa Mzee walikuwa wamekuja watu wa fellowship, wa kusali na kuimba. Siku hiyo mmoja wao alileta spika na gitaa. Walitaka stima nje uani, na waya wao haukufika mpaka sebuleni, wakachomeka kwenye soketi ya chumba cha mpangaji wa kwanza. Haikuwaka. Basi Mzee akaingia jikoni akawasha laini yetu. Hakufanya kosa lolote. Aliwasha stima yake, nyumbani kwake, wageni waimbe.

Nilisikia spika ikikoroma, na papo hapo nikakusikia wewe. Haikuwa sauti yako. Mkono wako ulikuwa ndani ya mashine, umeshika nyaya, hauachii, na uso wako ulinigeukia.

Uliniona. Hatujawahi kulizungumza, lakini najua uliniona. Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa juu, inadondosha povu, na sikufanya kitu. Watu wamenipa sababu nzuri tangu siku hiyo. Rosa alisema ningekushika na maji yale tungekufa wote wawili, na Mzee akasema vivyo hivyo, na ni kweli. Lakini mimi sikuwaza hayo. Sikuwaza kitu. Waya ulikuwa pale kwenye soketi, umefunikwa na raba yake, ningeweza kuuvuta hata kwa kanga. Niliogopa tu, mwili wote ukakataa. Ni mguu wako ulioteleza kwenye povu, ukaanguka kwa uzito wako mwenyewe, na mkono ukatoka. Sabuni ndiyo iliyokuokoa, siyo mama yako.

Ulipoanza kulia ndipo nikasogea.

Mzee Gathogo alikuja mbio, kofia mkononi. "Mimi sikujua, Mama Kageha. Ngai! Si nyinyi mlijua leo ni Jumatano?" Nikamwambia ndiyo, tulijua ni Jumatano. Hatukuwa na kingine tulichojua. Tuliweka mkono wako ndani ya mashine tukitegemea siku ya wiki.

Kesho yake, vidole viwili vimefungwa kitambaa, uliziondoa zile njiti, ukazivuta nyaya kutoka kwenye soketi, ukaja kunionyesha umezishika mkononi. Kisha ukaketi chini ukaendelea. Sikuamini. Nilikaa mlangoni, mguu mmoja nje. Ulitoa sili ya zamani ikiwa imekauka, mdomo wake umelika upande mmoja. Ukaisafisha nafasi yake, ukaigonga mpya taratibu kwa kibao. Halafu ukaitoa tena ukilalamika kwamba umeiweka kinyume, kwamba upande wenye springi lazima utazame maji. Ukapaka grisi. Ukarudisha kila kitu, na ilipofika Ijumaa ukaiwasha, ikazunguka bila kunguruma, na chini pakawa pakavu. Ploti nzima ilipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya choo nikitapika.

Tangu hapo sijaigusa. Nilinunua plagi, ukaifunga wewe, lakini hata hiyo plagi nilikuwa naipita mbali. Nikarudi kwenye karai. Nimekuwa nikisema kwamba foronya hutakata zaidi kwa mkono. Kila mtu katika ploti hii anajua sababu, ila wananistahi.

Na ona mambo yalivyo: walipokuita huko hospitali ya misheni kwa ajili ya kazi ya chumba cha kufulia, yule bwana alipokuuliza unajua nini, ulimwambia, "Nimebadilisha sili ya mashine nyumbani." Akakuuliza maswali, ukamwambia habari ya springi, akakuandika. Kitu kilichotaka kukuua ndicho kilichokupa kazi. Ulipoingia hapa ukirukaruka, nilikukumbatia nikasema Mungu ni mwema, lakini macho yangu yalikuwa kwenye vile vidole.

Sasa nikwambie jambo la zamani, maana bila hilo hutaelewa kwa nini Ijumaa nilijiogopa.

Nilipokuja mji huu kutoka kwetu Maragoli, miaka michache baada ya uhuru, mimi na marehemu baba yako tulipanga chumba kule Lindi, mlango wa tatu kutoka kwa Rosa. Nilikuwa nikishuka Silanga na nguo za watu, nafua karibu na bwawa, wewe mgongoni. Wanawake tulikuwa wengi, tukipiga soga na kuchekana. Siku moja akaja mama mmoja wa kanisa, anatafuta wanawake vijana wanaojua kusoma kidogo, wafundishwe kazi ya wodi katika hospitali, miezi michache tu, halafu waajiriwe. Alisimama juu ya mawe, viatu vimejaa matope, akauliza nani amesoma. Wenzangu wakaninyooshea vidole. Niliandikwa jina. Rosa, ambaye hakuwa na mtoto wakati huo, akasema, "Lete huyo msichana, nitamlea mimi. Wewe enda."

Sikwenda. Asubuhi ya kuripoti nilivaa, nikafunga kitambaa, nikafika hadi barabarani, nikarudi. Nilimwambia yule mama mtoto bado mdogo. Nilimwambia baba yako mtoto bado mdogo. Rosa nilimwambia mtoto amekataa uji wake. Ulikuwa umeshaacha kunyonya, Kageha, na uji wa Rosa ulikuwa unaumaliza na kulamba kikombe. Niliogopa lile jengo. Niliogopa ngazi zake, harufu yake, na wale watu wanaozungumza Kizungu haraka haraka. Lakini mtu hasemi ameogopa ilhali ana mtoto mgongoni wa kumsingizia.

Ubaya wake haukuishia hapo. Baada ya muda niliiamini ile sababu yangu. Wewe ukiwa mkaidi, ukikataa shule au ukinijibu vibaya, nilikuwa nasema moyoni, kwa ajili ya huyu niliiacha kazi. Na siku moja nilikwambia, unakumbuka, ulikuwa darasa la sita, nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba ningekuwa mtu kama si wewe. Ulienda ukachota maji bila kuambiwa, na wiki nzima ukawa mtoto mzuri mpaka nikaogopa. Haikuwa kweli, mwanangu. Haikuwa kweli hata kidogo. Ningekuwa yule yule, na wewe ulikuwa mzigo mwepesi kuliko nguo zote nilizobeba.

Kwa hiyo Ijumaa uliposema huendi kwa sababu mimi siwezi kugusa mashine, nilisikia sauti yangu mwenyewe pale kando ya bwawa.

Usikasirike. Sisemi unadanganya. Najua unanihurumia, unaona mikono yangu. Lakini mimi nakutazama zaidi ya unavyodhani. Nimeona kwamba tangu siku ile, swichi ya mashine unaiwasha kwa mkono wa kushoto, ukigeuza uso pembeni. Nimeona kwamba ukimaliza kufua unaenda nje, unasimama karibu na bomba, unakunja na kukunjua vile vidole. Nikikuuliza unasema, "Nasikia joto tu." Mbele ya watu unaifanyia mzaha, unaiita bibi harusi. Usiku unaota. Siyo mara moja nimekusikia nyuma ya pazia ukisema, "Zima, zima." Hata wewe unaogopa, Kageha. Na woga wangu umekupa mahali pazuri pa kujificha, pana heshima, hakuna atakayekulaumu. Msichana aliyebaki kumsaidia mama yake, kanisa lote litamsifu.

Watakusifu mpaka siku utakapokuwa na binti yako, ukamwambia ungekuwa mtu kama si bibi yake.

Huko uendako watakwambia usiogope. Mimi sitakwambia hivyo, mimi nakwambia ogopa. Zile mashine za hospitali, kutokana na ulivyonieleza, moja ni kubwa kuliko chumba hiki, na nikizifikiria nywele zinasimama. Ziogope kila siku utakayoingia humo. Lakini ziogope ukiwa karibu, macho yako yakiwa wazi, siyo ukiwa umesimama umeinua mikono kama mimi. Ukifika, kabla hujashika hata kitambaa, uliza stima inazimwa wapi. Enda upaone. Zima mwenyewe, uone taa imekufa. Ikiwa ni ya plagi, ichomoe na uikalie ukitaka. Ikiwa ni ya ukutani, funga, na ufunguo uwe mfukoni mwako, siyo kwa mzee fulani wala kwa mwenzako aliyeenda chai. Wakikwambia saa hii huwa haiwaki, kila siku huwa hivi, toa mkono wako. Wanaume wa huko watakucheka. Waache wacheke mpaka wachoke, nawe ukiwa umeketi juu ya plagi yako. Sijui maneno mengine ya kukupa. Ni haya tu niliyoyanunua, na nusu ya bei ulilipa wewe.

Nimebakiza jambo moja.

Leo ulipotoka, nilirudi kutoka kanisani nikavua viatu, nikakaa nikiitazama mashine. Halafu nikaenda kugonga kwa Mzee Gathogo. Alikuwa anakula.

"Mzee, naomba stima."

"Leo? Jumapili?" Akaweka kijiko chini. "Mama Kageha, tumetoka kanisani sasa hivi mimi na wewe. Unataka kufua siku ya Bwana?"

"Ndiyo."

"Kwani hizo nguo haziwezi kungoja Jumanne?"

"Jumanne mtoto atakuwa ameenda. Au atakuwa hajaenda. Ni hiyo ndiyo maneno, Mzee."

Akanitazama. Alikuwa ameelewa, maana hata yeye haingii jikoni kwake siku hizi bila kuchungulia uani kwanza. Akainuka, akaenda kwenye boksi, nikasikia likilia. Akatokea mlangoni. "Nimewasha. Nitasimama hapa hapa. Ukiniita nasikia." Nikamwambia asante, lakini arudi akale, kwa sababu safari hii kuzima nitazima mwenyewe.

Nilirudi chumbani. Nilivaa zile gambuti zako za mpira. Nikafuta sakafu mpaka ikakauka, nikaifuta tena. Nikaingiza shuka, nikamimina maji kwa ndoo pale pa sabuni kama unavyofanya wewe. Plagi niliishika, nikaiweka chini, nikaishika. Nilisema kwa sauti, kwa Kilogooli cha kwetu, maneno ambayo mtu hasemi akitoka kanisani. Nikaichomeka.

Ilipoanza kuzunguka nilikuwa nimeshafika mlangoni, sikumbuki nilifikaje. Nikarudi. Nilisimama kando yake muda wote, jasho linanitoka, meno yanagongana mchana kweupe, watoto wa jirani wamejaa mlangoni wakidhani naumwa. Ilipofika mahali pa kukamua, niliweka kiganja changu juu yake. Ilitetemeka nami nikatetemeka, na sijui nani alianza. Haikunguruma. Niliinama nikapitisha kitambaa chini upande wa nyuma, kikatoka kikavu. Umeifunga vizuri sana, fundi wangu. Ilipotulia nilichomoa plagi kwa mkono wangu, nikaenda nayo hadi urefu wa waya uliponifikisha, nikaketi sakafuni nimeikumbatia.

Sikupona woga, usije ukadhani. Hata sasa ninapoandika herufi zinapinda. Jumanne nitaogopa tena, na Ijumaa, na labda kila Jumanne na Ijumaa nitakazojaliwa. Na kesho basi likiondoka nitaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa hiyo usitegemee nitapunga mkono kwa utulivu. Nitapiga kelele. Nitakuaibisha. Utavumilia.

Lakini sababu yako ya kubaki imekwisha. Nimeimaliza mimi.

Shuka zilizokuwa ndani ni zako, zile mbili utakazobeba. Ziko juu ya kitanda chako, zimekauka na kukunjwa. Nilizifua kwa mashine, peke yangu, nikiogopa tangu mwanzo hadi mwisho. Nenda, mwanangu.

Mama yako